Tokyo Haijahama

Treni ilikuwa inakaribia uwanja wa ndege wa Helsinki, na bibi aliyekaa mbele yangu alikuwa bado anambana kwa maswali bwana asiyemjua aliyeketi kando yake. "Zamani ulikuwa mwendo wa saa tisa, sasa kumi na tatu. Kwani Tokyo imehama?"

"Haijahama, mama. Ndege zetu hazipiti tena juu ya Urusi, zinazungukia Ncha ya Kaskazini." "Huko kuna nini?" "Barafu." "Barafu ninayo nyumbani. Naogopa kukaa angani saa zote hizo. Eeli, mjukuu wangu wa huko Tokyo, nitamwona kwenye simu." "Umeshawahi kumbeba?"

Treni ikasimama uwanjani, lakini bibi hakuinuka. Hii ni treni ya mzunguko. Asiposhuka, itamrudisha mjini. Yule bwana akashuka na sanduku la bibi bila kuomba ruhusa. Bibi akamfuata mbio, bado anahoji: "Na kurudi je, ni saa ngapi?"