Masensa ya Kwa Geti

Hapa Laare benchi letu liko mbele ya kibanda cha Igoki cha kahawa, na mtu akikwambia tunakaa bure, mlete kwangu nimwelezee. Tunafikiria! Juzi tulikuwa na jambo zito. Kikundi chetu cha wakulima wa miraa kililetewa masensa, vile vijiti vya kupima kama udongo umekauka. Kila sensa inapitishia jirani yake habari, jirani anapitishia mwingine, mpaka zifike kwa tangi na bomba la shamba lijifungue lenyewe. Sasa mabomba yalikuwa yamekataa kufunguka, na miche ya Igoki, huko mwisho kabisa, ilikuwa inakauka ikiangaliwa.

— Shida ni sensa ya Chairman, akasema Munyi, huyu tunaita Bluetooth kwa vile anatengeneza simu. Ndiyo iko karibu na tangi. Habari za watu wote lazima zipite hapo. Imebeba kijiji kizima, betri imekufa!

Riungu, ndiye Chairman, akaweka kikombe chini.

— Haijakufa. Imerogwa.

— Kai! Nani ana wakati wa kuroga kijiti? nikamuuliza.

— Kwa nini ife yangu peke yake?

— Mimi najua, akasema Karambu, mwalimu aliyestaafu. Ni miraa. Sensa ikikaa karibu na miraa inashika handasi, ule ulevi wa mtu aliyetafuna. Inakesha ikiongea mpaka betri inaisha.

— Mwalimu, hiyo ni ukweli kabisa! akasema Chairman, amefurahi hakuna mtu anamlaumu.

Igoki akapiga sufuria na mwiko.

— Nyinyi mnacheka na miche yangu inakufa? Nilipanda na mikono yangu!

Hapo ndipo Kinya, wifi yake aliyekuja kumtembelea kutoka Timau, akatoa kichwa kibandani.

— Samahani wazee. Miraa gani? Mimi nimeona masensa yote yako kwa mageti, mstari mmoja kando ya barabara. Hiyo moja ikizima, habari zitapitia wapi?

Aisee! Bluetooth akaanza kukagua kiatu chake. Fundi aliyeyaleta alikuwa ameyatawanya vizuri ndani ya mashamba, kila moja na majirani watatu wanne. Sisi wenyewe tukayang'oa, tukayasimamisha kwa geti, ndio wageni wakipita waone tumeendelea.

Igoki akaacha mwiko. Akabeba mtungi wa maji, akashika njia ya shambani.

— Igoki! Hayo maji si ni ya kahawa? tukamwita.

— Kahawa imeisha! Itarudi siku mtu atarudisha sensa katikati ya shamba.

Tukaangaliana. Vikombe vilikuwa vikavu. Mwishowe Chairman akakohoa, akamuuliza Kinya kwa heshima:

— Mama, ikiwa huko katikati, mtu akiwa barabarani ataiona?