Bi Punje na Itale ya Miaka Milioni Elfu Mbili na Zaidi

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1953, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Harufu ya mafuta yaliyochacha ilimfundisha kukunja pua angali mdogo. Uchafu wa mikono aliuvumilia maisha yake yote. Uchafu wa maneno ulimtia kichefuchefu.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1967, sekondari 1973, na mwaka 1977 akapata shahada ya jiolojia, mwanamke pekee darasani.

Tarehe 1 Julai 1978 aliajiriwa katika maabara ya miamba. Kazi yake ilikuwa kutafuta umri wa itale, lile jiwe gumu la vilima. Alilisaga, akalichekecha, kisha chini ya hadubini akaokota punje za madini ya zirkoni, ndogo kuliko chembe ya chumvi. Ndani ya punje hizo urani hugeuka kuwa metali ya risasi kwa mwendo usiobadilika, na anayepima isotopu, yaani aina za atomi za metali hizo mbili, huusoma umri wa jiwe. Wenzake wakamwita Bi Punje.

Mwaka 1981 alikwenda kwa fundi cherehani kuagiza vifuko arobaini.

"Vya karanga?" fundi aliuliza.

"Vya mawe."

"Basi napiga mshono mara mbili, usije ukanirudia na malalamiko."

Alirudi, ila si kwa malalamiko. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1996 alipima itale ya kilima kimoja. Punje nyingi zilionyesha miaka milioni 2,640, lakini kumi na moja zilikuwa na kiini cha miaka milioni 3,100. Maana yake itale hiyo ilizaliwa na mwamba mkongwe zaidi ulioyeyuka. Mkuu wa idara alikuwa amekwisha kutangaza mkutanoni kwamba ilipanda moja kwa moja kutoka vilindini.

"Zitoe hizo kumi na moja," alimwambia. "Ni uchafu tu wa sampuli."

"Mzee, uchafu naujua. Hizi si uchafu."

Akahamishiwa chumba cha kinu, kisicho na dirisha, asage mawe ya wengine. Alikaa humo miaka saba. Aliandika barua tisa kuomba feni ya kuvuta vumbi, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Mwaka 2005 mkuu huyohuyo alichapisha punje zilezile kumi na moja kwa jina lake peke yake, akapigiwa makofi. Marehemu aliisoma makala hiyo mezani, akainuka kwenda kunawa kwa sabuni.

"Mama, umeshika nini?" binti mkubwa aliuliza.

"Karatasi."

Alistaafu mwaka 2013. Mwaka 2019 daktari alisema mapafu yake yameharibiwa na vumbi la mawe. Mkuu wa zamani alifika wodini na kikapu cha matunda, akasema, "Tulifanya kazi nzuri pamoja." Marehemu aligeukia ukuta mpaka mgeni alipoondoka, kisha akaagiza kikapu kitolewe.

Fundi wa maabara, msichana aliyefunzwa na marehemu, alilipelekea jarida lililotoa makala ile daftari la vipimo, lenye tarehe na mwandiko wa marehemu. Februari 2023 jarida lilichapisha masahihisho, aya moja, likimtaja kuwa ndiye mgunduzi. Mumewe alimsomea mara mbili.

"Umefurahi?"

"Jina sikuliomba, baba watoto. Niliomba feni."

Alifariki dunia tarehe 17 Mei 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, kaka mmoja, na fundi wa maabara ambaye familia inamhesabu kuwa binti wa tatu. Mkuu wa zamani wa idara aliomba dakika tano za kuzungumza leo. Familia imemjibu kwamba ratiba imejaa. Haijajaa.

Mola amlaze kwa amani, mbali na waongo.