Sauti Aliyoiacha Wazi Jado Niyonzima

Jean de Dieu Niyonzima, tuliyemwita Jado, alizaliwa Goma tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili wa marehemu mzee Sebahire na mama Nyirabagenzi. Alisoma shule ya msingi hukohuko, akamalizia sekondari hapa Gisenyi baada ya familia kurudi kwao, kisha akasomea kompyuta.

Tangu mwaka 2006 alitunza seva ya zahanati moja mjini, na siri za wagonjwa alizilinda kufa na kupona. Aliweka umask kali, yaani ile kanuni inayoamua faili jipya lizaliwe na ruhusa zipi. Kwake kila faili lilizaliwa limefungwa, asilisome mtu ila mwenyewe.

Tarehe 6 Agosti 2011 alimwoa Umurerwa, muuza vitenge wa Mahoko, wakajaliwa Teta na Kalisa. Mazoea ya kazini yalimfuata hadi nyumbani. Alipochapa nyimbo za kwaya kwenye kompyuta ya familia, hakuna mwingine aliyeweza kuzifungua, na Jumapili ile kwaya iliimba kwa kubahatisha.

"Jado, hata nyimbo za Mungu unafunga?" mkewe alimwuliza. "Unaogopa malaika batakuibia?"

Alicheka hadi machozi, wala hakubadilika.

Mwaka 2024 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Madaktari walisema upasuaji utamwondolea sauti, basi kabla ya siku hiyo akawa anajifungia chumbani kuwarekodia watoto hadithi kwenye kompyuta ileile. Baada ya upasuaji hakusema tena. Alitutoka tarehe 9 Februari 2025, mkewe akiwa amemshika mkono.

Nywila yake aliondoka nayo, na hilo lilimtesa Umurerwa kuliko yote.

"Mi namujua bwana yangu," alimwambia shemeji yake Evode. "Atakuwa amefunga yote. Batoto batasahau sauti yake."

"Bon, haya, tujaribu kwanza," Evode alimjibu.

Juzi Teta aliingia kwenye kompyuta kwa jina lake mwenyewe, akabonyeza hadithi ya kwanza.

"Teta, Kalisa, baba iko hapa. Mukae vizuri."

Jado alikuwa ameilegeza umask kwa amri ya kurekodia hadithi tu. Kila mtu nyumbani asikilize, asiwepo wa kufuta hata neno. Mengine yote yamebaki yamefungwa, kama kawaida yake. Umurerwa alilia sana, na sisi tulilia naye.

Ameacha mjane, watoto wawili, mama yake mzazi, na kaka yake Evode.

Pumzika salama, Jado. Watoto wanakusikia.