Kikombe cha Kupatana

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja, na hilo tofali alilileta Winchi, akalibeba kwa vidole viwili kama kipande cha mkate. Benchi lipo kati ya kibanda cha kinyozi na duka la vifaa vya ujenzi, na jiko langu la mkaa hukaa upande wa kivulini. Mimi ndiye Mama Birika. Nauza kahawa, na kwa bei hiyohiyo nasikiliza upuuzi. Wateja wangu wa kudumu walikuwa watano, sasa ni wanne. Kuna Redio, fundi cherehani, ambaye redio yake haizimwi na yeye mwenyewe hazimiki. Kuna Wembe, kinyozi. Kuna Afande, mlinzi wa lile duka, ambaye uaskari hajawahi kuuonja ila sare anayo. Na kuna Fundi Saa, mzee wetu, mwenye meza ya kutengenezea saa pale mkabala. Wa tano alikuwa Winchi, mpagazi, tuliyempa jina hilo kwa sababu alipandisha makabati ya watu ngazini peke yake huku anapiga mluzi. Tulimzika juzi. Ilianza homa, ikaingia mapafuni, hospitali wakampa oksijeni, na haikumfaa. Leo ndiyo tumekaa tena kwa mara ya kwanza, na upande wa tofali, mahali pake Winchi, hakuna aliyethubutu kukaa.

Fundi Saa alipokea kahawa yake, akaishika tu.

— Niambieni ukweli, — alisema. — Ni mimi?

Hakuna aliyemuuliza anasema nini. Wote tulijua. Yeye na Winchi waligombana kwenye dama, eti Winchi alisogeza kete mwenzake alipoinama kukohoa, wakanuniana kama wake wenza. Sasa hapa kijiweni tuna sheria yetu: waliogombana wanakunywa kikombe kimoja, huyu funda, yule funda, mpaka kiishe, na watu wakiwaona. Fundi alikataa siku ile. Alisema, niacheni kwanza kifua kipone. Tukamzomea! Wembe akasema hicho ni kisingizio cha mtu mwenye kinyongo. Kahawa niliimimina mimi, tukamshikisha Fundi, akanywa funda la kwanza shingo upande. Winchi akanyakua kikombe akapiga funda kubwa, akasema, "Lete hapa! Mafua gani ya kunibeba mimi? Hapa mjini mbebaji ni mimi."

— Mzee, acha hayo, — alisema Redio. — Wewe kwanza unajua kirusi ni nini?

— Mdudu.

— Si mdudu! Mdudu anakula, anakunya. Kirusi hakina mdomo wala tumbo. Ni kama ile karatasi ya mshono, ninayoweka juu ya kitambaa nikate gauni. Karatasi peke yake itashona nini? Haishoni kitu, inakaa tu. Sasa ipenyeze kwenye seli ya mtu. Mle ndani kuna cherehani, kuna uzi, kuna kila kitu. Seli inaona karatasi, inadhani ni kazi ya mwenye duka. Inashona! Inatoa karatasi nyingine zilezile, maelfu, mpaka uzi unaisha na kibanda kinapasuka. Zikitoka hapo, zinakwenda kwa jirani.

— Na mlangoni inapitaje? — Wembe aliuliza.

— Ina ufunguo unaofanana na wa mwenye nyumba.

— Kwa hiyo? — alisema Fundi.

— Kwa hiyo huna kosa, mzee wangu. Karatasi haina nia mbaya. Na wewe hukushona chochote, alishona mwili wake mwenyewe.

— Na hiyo karatasi aliitoa wapi?

Redio alichungulia ndani ya kikombe chake kama aliyedondosha kitu humo.

— Hebu nipisheni, — alisema Afande, akaweka kofia sawa. — Haya ni mambo ya ulinzi, na ulinzi ni kazi yangu. Mwili una walinzi wa zamu mbili. Zamu ya kwanza hawajui sura ya mtu, wanapiga rungu kila mgeni. Ile homa ndiyo kelele zao. Zamu ya pili wanachelewa, kwa sababu kwanza wanasoma sura ya mwizi. Wakishaisoma hawaisahau. Sasa wewe, mzee, katika umri wako huu, kirusi hiki au ndugu yake ulishapambana naye zamani. Walinzi wako wakasema, aah, huyu tunamjua! Ndiyo maana ulikohoa tu.

— Na Winchi?

— Winchi alikuwa haumwi, si unamjua? Hata jino halikuwahi kumsumbua. Walinzi wake walikuwa wageni wa kazi.

— Basi mimi nimebaki kwa sababu ni mzee, — alisema Fundi polepole. — Nimekula miaka yangu, nikapona. Yeye ameacha watoto wadogo.

— Afande, — nilimwambia, — funga hilo domo lako kabla sijakumwagia kahawa ya moto.

— Nimesema vibaya?

— Kunywa!

Wembe alisimama. Akisimama Wembe, ujue uongo umeanza safari.

— Mnamwua mzee wa watu bure. Winchi hakuuawa na kirusi. Nilikuwepo hospitali muuguzi alipomwambia shemeji, mke wa Winchi: kinga yake ilipigana kupita kiasi, mapafu yakajaa maji. Mmeona? Mwizi ameingia mmoja, walinzi wakachoma nyumba nzima! Mwili ule, jeshi lake lilikuwa kubwa mno. Angekuwa kimbaumbau kama mimi, leo tungekuwa naye hapa.

— Mlango nani alimfungulia huyo mwizi? — Fundi aliuliza.

— Ah, mzee! Wewe nawe!

— Nauliza.

— Lile kabati! — Redio aliruka. — Jamani, lile kabati! Si alibeba kabati la yule mama aliyehamia ghorofani? Droo zilikuwa zimefungwa. Virusi vilikuwa vimelala humo.

— Virusi vinalala kwenye droo?

— Karatasi hukaa wapi, Afande? Kwenye droo!

— Au popo, — alisema Wembe. — Wale popo wa kwenye dari la duka lenu.

— Popo wangu wamekukosea nini? Mimi nalala nao pale kila siku, mbona mzima?

— Wamekuzoea. Winchi aliingia na mifuko ya saruji, wakamwona mgeni. Popo akimtazama mtu vile, jua kuna jambo.

— Toka hapa!

— Sikilizeni, — alisema Redio, na sasa jasho lilikuwa linamtoka. — Ni ule mluzi. Mtu anayepiga mluzi anavuta hewa mara mbili ya wenzake. Hewa yote mbaya ya mtaa huu aliivuta yeye peke yake. Hata kama kile kikombe kisingekuwepo, mluzi ule...

Ule mluzi ndio uliokuwa ukitangulia kona ile kabla yake, nasi tukiusikia, mimi nilikuwa namimina kahawa yake mapema, ipoe. Wembe alikaa chini. Mimi nilikuwa nimecheka kwa habari ya popo, na kicheko kikageuka kilio, mbele yao, bila aibu. Najua ni wajinga. Lakini hawakuwa wanatafuta kilichomwua Winchi, walikuwa wanamtetea Fundi, na kila utetezi wao ulimrudisha palepale kwenye kikombe. Na kikombe kile tulimshikisha sisi.

— Nilisema kifua kipone kwanza, — Fundi alisema. — Nilisema, sikusema?

— Ulisema, mzee, — nilimjibu.

Ndipo tulipomwona mke wa Winchi anavuka barabara. Alikuja peke yake, kitambaa cheusi kichwani, viatu vya plastiki vya kuendea bombani. Wote tulisimama. Nilimfutia benchi, na yeye akaenda moja kwa moja upande wa tofali, akakaa. Benchi halikuyumba.

— Pole, shemeji, — walisema, mmoja baada ya mwingine.

— Zimeshapoa.

Nilimpa kahawa, akaiweka magotini. Alimtazama Fundi Saa, naye Fundi akatazama chini. Nilidhani amekuja kumlaumu. Nilijiandaa kusema kahawa niliimimina mimi.

— Sikai sana, watoto nimewaacha kwa jirani, — alisema. — Kuna kitu nilitumwa, nikachelewa kukileta. Kule wodini, kila nikiingia asubuhi alikuwa anatoa ile oksijeni puani ananiuliza. Nikimgombeza airudishe, hataki mpaka nimjibu, na mimi jibu sikuwa nalo. Ndilo nimelifuata.

— Alikuwa anauliza nini? — Redio alisema kwa sauti ndogo, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Alimgeukia mzee.

— Shemeji Fundi, kifua kimepona?

Afande alivua kofia. Redio, Wembe na mimi tulitazamana, tukitafuta wa kumjibia. Fundi Saa alifumbua mdomo, akavuta pumzi ndefu, sote tukaisikia ikiingia mpaka mwisho na kutoka, safi kabisa. Hakukohoa hata kidogo.