Aya ya Njano ya Evode Karenzi

Ndugu waombolezaji, mimi ni Mukamusoni, dada mkubwa wa marehemu, familia imenituma nisome historia hii kwa Kiswahili, kisha baba mdogo Jean de Dieu ataisoma hiyohiyo kwa Kinyarwanda, na kwa kuwa wageni wetu wa Goma wanatazama saa, wasije wakafungiwa mpaka wa kurudi Congo, sitawachosha.

Marehemu Evode Karenzi alizaliwa Goma tarehe 14 Machi 1987, mtoto wa nne wa marehemu mzee Gatete, akavuka mpaka na wazazi kuja Rwanda mwaka 1994, akasoma shule ya msingi hapa Gisenyi, na mwaka 2010 akamaliza masomo ya kompyuta Musanze. Kutulia hakukujua, hata chakula alikula amesimama, na mama alikuwa akisema huyu alizaliwa miguu ikitangulia.

Mwaka 2012 alifungua ofisi ya kuchapa na kutafsiri hati karibu na kivuko cha mpakani cha Petite Barrière, lakini kazi iliyomnyima raha ilianzia msibani kwa baba, tarehe 6 Agosti 2016, pale historia iliposomwa kwa Kiswahili ikataja watoto wote, iliposomwa kwa Kinyarwanda ikawaruka watoto wa baba waliobaki Goma, tukagombana kaburi likiwa wazi, aibu ambayo watu wa kijijini Nyamyumba bado wanaisimulia. Ndipo akatengeneza Mapacha, programu ndogo ya kuchomeka kwenye kihariri cha maandishi, inayoweka lugha mbili ubavu kwa ubavu, ukibadilisha aya upande mmoja, pacha wake wa upande wa pili anageuka njano, na haachi mpaka zikubaliane.

Alifunga ndoa na Umutesi tarehe 20 Desemba 2014, wakajaliwa Cyuzuzo na Sano, na kabla ya ndoa alimzaa Kayitesi, Goma, tarehe 3 Mei 2011, yule pale mwisho wa benchi, ambaye Umutesi mwenyewe humpokea kila likizo.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2025, akafariki hospitalini hapa wilayani kwetu Rubavu tarehe 2 Novemba, kompyuta ikiwa kitandani. Tunawashukuru madaktari, majirani, wenzake wa ofisini na wachuuzi wa mpakani.

Wazee wangu, nawaheshimu, lakini jana mlipofuta jina la Kayitesi kwenye Kinyarwanda, aya ya Kiswahili niliyoisoma, ile ya watoto wake, iligeuka njano, nikashindwa kukaa, nikashindwa kula, donc, kwa hiyo, asubuhi nimelirudisha. Baba mdogo, kompyuta yake hii hapa, isome ilivyo, mtoto anakusikiliza, na Kinyarwanda anakijua.

Evode, mdogo wangu, njano imeondoka, sasa tulia, upumzike kwa amani.