Rambirambi Kumi na Tano

Benchi letu liko nyuma ya kitivo, hapa Tanta, pale moshi wa dengu za kukaanga unapoingia kwenye kahawa bila kuomba ruhusa. Asubuhi ile Daktari Wagdi, mhariri wa jarida la sosholojia, alifika na barua ya kamati ya chuo, hesabu zake kaziandika chini, na sura ya mtu aliyefiwa. Kamati ilitaka namba kabla ya saa sita: kila makala ya miaka miwili iliyopita imenukuliwa mara ngapi, kwa wastani. Ikiwa chini ya nusu, jarida linafungwa. Lina miaka arobaini, na mimi ninayewapikia kahawa nililihurumia kama jirani.

— Tumenukuliwa mara ishirini na saba, alisema Wagdi. Tumechapisha vitu sitini. Nukta nne tano. Kwisha habari yetu.

— Rudia hesabu, alisema Desimali, mwalimu mstaafu wa hisabati.

— Nimerudia mara nne.

— Basi wenzetu wa Cairo wanatusoma kwa kujificha, alisema Desimali. Wanachota maneno yetu, halafu kimya.

— Wapi, alisema Pasha, profesa mstaafu wa miaka themanini na moja. Kunukuu ni kama sahani ya biskuti za Idi. Ukiletewa, unairudisha na kitu ndani. Wagdi hanukuu mtu, nani amrudishie sahani?

— Mbona nanukuu, mzee wangu.

— Unanukuu marehemu. Hao sahani hawarudishi.

— Tatizo ni jalada, alisema Desimali. Kijani kile ni cha duka la dawa. Mtu akiliona anakumbuka presha yake, anaahirisha kunukuu.

— Makala yangu ya foleni ya mkate ilinukuliwa baada ya miaka kumi na mmoja, alisema Pasha. Sisi tunasoma polepole kwa sababu ya magoti.

— Magoti na kusoma wapi na wapi?

— Maktaba iko ghorofa ya tano.

Wagdi hakucheka. Kahawa yake ilikuwa inapoa.

Hapo akaja Nadra, mpanga kurasa wa kiwanda cha uchapaji, na bahasha ya toleo jipya. Hajawahi kukaa benchi letu. Aliwatazama mmoja mmoja.

— Kafa nani?

— Jarida, alisema Desimali, akampa barua.

— Hivi vitu sitini ni vipi?

— Vyote tulivyochapisha, binti yangu, alisema Wagdi.

— Pamoja na rambirambi?

Profesa yeyote wa Delta ya Nile akifariki, jarida lile humpa ukurasa: alizaliwa wapi, alimfundisha nani, alipenda chakula gani. Wagdi huziandika mwenyewe, na hajamruka mtu hata mmoja.

— Nazipanga mimi, alisema Nadra. Kumi na tano kwa miaka miwili. Nani ananukuu rambirambi? Na barua ya kamati si hii hapa, inasema makala za utafiti.

Desimali alinyakua kalamu.

— Ishirini na saba kwa arobaini na tano. Nukta sita. Subiri... Nukta sita kamili.

Wagdi alifuta macho kwa mkono wa shati, bila aibu. Kisha akainywa kahawa iliyopoa, akausifu utamu wake. Sikuwa nimeitia sukari. Nilifurahi mpaka nikasahau kumwambia.

— Kwa hiyo rambirambi utaacha kuziandika? aliuliza Pasha.

— Nitaandika, mzee. Hazihesabiwi tu.

Pasha alishusha pumzi, akanyoosha miguu.

— Afadhali. Mwaka mzima huu najikaza nisife, nisije nikakuharibia namba.