Fundi Aliyesubiri Mbao Zikauke

Ndugu zetu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutufuta machozi, familia imenipa mimi, mdogo wake ninayemfuata ziwa, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, nami nitayasoma kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba wa baba mshona viatu na mama mkulima, akaanza shule ya msingi Januari 1959 na kumaliza Novemba 1965, akiwa hodari wa hesabu na, kwa maelezo ya mama, mzito wa kuoga. Tarehe 2 Mei 1967 aliingia karakana ya reli kujifunza useremala, akatumika huko miaka kumi na minane, na tarehe 10 Juni 1985 akafungua karakana yake mwenyewe nyuma ya soko, ambako kila mteja aliyemharakisha alijibiwa “zikauke kwanza”, hadi mji mzima ukamwita Zikauke. Hakuamini neno la muuza mbao hata siku moja, bali aliugonga kila ubao kwa kifundo cha kidole, kisha akauwekea shavu, na uliompoza shavu aliurudisha rundoni ukae miezi mingine.

Tarehe 10 Desemba 1977 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa darasa la kwanza, baada ya uchumba wa miaka mitano, jambo ambalo kwa wanaomjua halishangazi, na wakajaliwa watoto wanne, kifungua mimba akiwa mhandisi wa barabara na kitinda mimba akiwa ndiye anayeshika randa ya baba yake leo.

Mwaka 2006 lami ilifika kwetu, kuvuka mpaka kwenda nchi jirani kukawa jambo la asubuhi moja, maghorofa yakaota pande zote mbili, na karakana iliyokuwa na mafundi watatu ikafikisha kumi na mmoja, vijana wakaoa, wakajenga. Lakini neema hiyo ilikuja na haraka zake, kwa sababu kila mtu alitaka mlango wake leo, na asiyeweza kusubiri alinunua wa kiwandani, uliokuja kutoka mbali umefungwa nailoni.

Agosti 2008 hoteli moja ng'ambo ya mpaka ilituagiza milango mia moja na arobaini kwa miezi minne, kaka akataka kuikataa kwa kuwa mbao kavu hazikutosha, na mimi, niliyekuwa mnunuzi wake wa mbao, nikamsihi asiiache bahati ipite mlangoni, nikaapa kuzipata. Ndugu zangu, karatasi niliyopewa na familia haina haya ninayosema sasa. Mbao nilizoleta zilikuwa na wiki tatu tu tangu zipasuliwe, nilizianika juani siku nne zikakauka uso, kaka akaniuliza kama zimekauka, nikamjibu zimekauka, naye, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuweka shavu, kwa sababu aliyemjibu ni ndugu yake wa tumbo moja.

Kufikia Mei 2009 milango ilikuwa imepinda, wageni wa hoteli wanalala wameiegemeza viti, na mwenye hoteli alipouliza kosa ni la nani, kaka alisema yeye ndiye fundi. Alivuka mpaka na randa yake, akakaa huko miezi mitano akiitengeneza upya yote kwa mbao kavu, mmoja baada ya mwingine, bila kudai malipo. Hata hivyo jengo la pili la hoteli hiyo lilipewa milango ya kiwandani, mafundi saba wakarudi nyumbani, na mji ukasema Zikauke ameshindwa na kasi ya maendeleo. Mimi niliyasikia hayo kwa miaka kumi na tano, nikanyamaza. Yeye hakumwambia mtu, hata mkewe, na mezani kwake sahani yangu iliendelea kuwekwa kila Jumapili.

Mwaka 2021 alianza kusumbuliwa na kifua, akalazwa mara tatu, na Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, alifariki akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliopokezana kumpeleka kliniki, na mafundi wote, hasa wale saba, ambao nawaomba radhi nikiwa nimesimama mbele yenu.

Kaka, uliponiuliza siku ile nilipaswa kukujibu hivi: bado ni mbichi.

Pumzika kwa amani.